Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara za msituni: tuambieni pale barabara inapoanzia

Ndugu wasimamizi,

Nawaandikia kwa sababu ya lundo la udongo. Tulilikuta chini ya mteremko mrefu, kilomita 14 tangu tulipoiacha barabara kuu. Lilikuwa limesukumwa na mashine hadi katikati ya njia, kimo chake kikinifika kifuani, na mbele yake kumechimbwa handaki. Mkono wa kushoto ulikuwa ukuta wa mlima, wa kulia bonde linaloshuka hadi kijitoni. Mahali pa kugeuzia gari hapakuwapo. Saa kumi na moja jioni ilikuwa imekaribia, na garini tulikuwa watano: mimi kwenye usukani, mume wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 71.

Silalamikii lundo lenyewe. Mlikuwa na sababu ya haki ya kuliweka, na nitaieleza mimi mwenyewe hapa chini. Ninachoomba ni kimoja: mnapoifunga barabara ya msituni, mtuambie pale inapoanzia.

Kwanza mtufahamu. Kwetu sisi siku ya msituni huanza jana yake jioni. Mume wangu hukagua spea tairi na jeki, pamoja na kipande cha ubao mpana cha kuweka chini ya jeki ili isizame kwenye udongo laini. Tunapakia koleo, kamba ya kuvutia, maji ya kutosha siku mbili na blanketi. Binti yetu wa miaka 12 ndiye mwenye ramani. Kaka yake wa miaka 8 ndiye mwenye kipimo cha upepo. Lami inapoishia tunasimama, yeye anateremka na kupunguza upepo wa kila tairi kutoka paundi 36 hadi 24 kwa inchi ya mraba, kisha anaandika namba nne kwenye daftari lake. Tairi lililopunguzwa upepo hulala chini zaidi, likakanyaga eneo refu zaidi na kushika udongo bila kuuchimba. Tukirudi kwenye lami tunalijaza tena, na namba nne nyingine zinaandikwa.

Halafu tunakwenda polepole, kilomita 15 kwa saa, mara nyingi pungufu ya hapo, vioo vikiwa vimeshushwa. Watu wanaodhani kwamba kila mwenye gari la kuvuta kwa magurudumu manne huenda msituni kurusha matope hawajawahi kupanda gari letu. Asubuhi ile tulisimama mara tisa. Mara moja ni kwa ajili ya ndege aliyevuka na majani mdomoni. Mara nyingine ni kwa ajili ya gogo lililoanguka, tukalivuta pembeni wote pamoja, hata mtoto akashika tawi lake.

Kituo kirefu kuliko vyote kilikuwa cha mama mkwe. Magoti yake hayampi tena mita 200 bila kupumzika, kwa hiyo njia za miguu zilizo msituni kwake zimekwisha fungwa, na hakuna aliyezifunga. Alikuwa hajakaa chini ya miti mikubwa kwa miaka sita. Tulimteremsha palipo na chemchemi karibu na njia, tukamwekea kiti cha kukunja, akakaa. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akamwita mjukuu wake, akakwangua gome la mti kwa ukucha, akamwambia, "Nusa, mwanangu. Huu utaujua hata usiku." Naomba mkumbuke kiti kile kila mnapokaa mezani kuamua barabara ipi ibaki na ipi ife. Kwa wazee, kwa walemavu, kwa mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, barabara ya udongo ndiyo mlango pekee wa msitu.

Mchana, kwenye njiapanda, tuliona nguzo ya mbao isiyo na kibao. Mtoto akauliza ni ya nini. Nikamwambia labda ni ya mpaka. Ramani ilionyesha njia ya kulia ikizunguka na kurudi barabara kuu, kwa hiyo tukashika kulia.

Na sasa lundo. Nilizima injini, nikatia gia, nikavuta breki ya mkono, na mume wangu akaweka mawe mbele ya matairi. Akaipima njia kwa hatua zake: upana haukuzidi mita tatu, na gari letu lina urefu wa karibu mita tano. Tulitakiwa kurudi rivasi kupanda mlima, kona kwa kona, zaidi ya kilomita moja. Mume wangu alitembea nyuma ya gari, upande ninaomwona kwenye kioo, mkono wake mmoja ukinielekeza. Watoto walitangulia mbali, wakipita kando ya ukuta wa mlima. Mama mkwe hakuweza kutembea mwinuko ule, akabaki nami garini. Kwenye kona ya tatu tairi la nyuma lilivunja ukingo, jiwe likaporomoka, na tukalisikia likigonga na kugonga hadi majini. Mama alinishika kifundo cha mkono, kisha akaniachia ili nifanye kazi. Safari ile ya kilomita moja na kidogo ilituchukua saa moja na dakika 20. Tulifika juu giza likiwa limeshaingia.

Nina miaka 19 kwenye usukani. Tangu siku ile namfikiria dereva mwenye miaka miwili, aliye peke yake na watoto, akifika palepale wakati mvua inanyesha.

Kabla ya kurudi nyuma nilipanda juu ya lundo nikatazama ng'ambo. Hatua chache mbele kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lilikuwa limekwenda na maji, na barabara imekatika, pengo la kumeza gari zima. Kwa hiyo aliyeweka udongo ule alituokoa, nami namshukuru kwa moyo wote. Lakini siku ya tatu nilipopiga simu katika ofisi inayohusika, nilijibiwa kwa upole kwamba tangazo la kufungwa lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa ofisi. Ofisi hiyo hufungwa siku za mwisho wa wiki, nayo iko upande wa pili wa msitu. Basi mashine nzito ilifika kilomita 14 ndani, ikachimba, ikasukuma, ikarudi ikipita njiapanda ile ile, na hakuna aliyeshuka kupigilia kibao.

Najua kwa nini mnafunga barabara, na nataka wenzangu madereva walisikie kutoka kwa mmoja wao. Adui wa barabara ya msituni ni maji. Barabara ya udongo iliyotengenezwa vizuri huinama kidogo upande wa bonde, au huwa na mgongo katikati, ili mvua iteremke kando mara moja na kupotelea kwenye majani. Gari likipita udongo ukiwa umelowa, matairi huacha mifereji miwili. Kuanzia hapo maji hayatoki tena barabarani. Yanaifuata mifereji hiyo kuteremka nayo, yanaongezeka kasi, na kila yanapoongezeka kasi yanabeba udongo mwingi na mzito zaidi. Ndiyo maana mnajenga yale matuta ya mshazari kwenye miteremko, ambayo madereva wengi huyalaani kwa sababu yanagonga uvungu wa gari. Kazi ya tuta lile ni kuyakamata maji yangali kidogo na kuyatupa nje. Dereva anayelikwangua kwa bampa, au anayekwenda na koleo kulisawazisha ili apite kwa raha, ameiua barabara hiyo kwa msimu mmoja wa mvua.

Kalavati nalo halifi kwa siku moja. Tawi dogo linakwama mdomoni, majani yanashikwa na tawi, mchanga unashikwa na majani. Mvua kubwa inakuja, maji yanakosa pa kupita, yanapanda juu ya barabara na kuanza kula upande wa chini. Asubuhi hakuna barabara. Mzizi wa hasara yote ile ni tawi ambalo mtoto wangu angeweza kulitoa kwa mkono.

Na udongo unaokwenda unakwenda kwa viumbe wengine. Samaki kama trauti hutaga mayai katikati ya kokoto za kijito, na mayai hayo hupumua kwa maji safi yanayopita kwenye nafasi za kokoto. Tope laini la barabarani likiziba nafasi hizo, mayai yanakosa hewa. Gari moja lililopita siku ya tope linaweza lisikae kwenye kumbukumbu za dereva hata wiki, lakini mfereji wake unaendelea kumwaga tope kijitoni kila mvua inaponyesha.

Kwa hiyo sitetei kila mwenye gari. Wapo wanaolikwepa dimbwi kwa kupita pembeni, na anayefuata anapita pembeni zaidi, mpaka njia ya mita tatu inakuwa uwanja wa mita 12 na mizizi ya miti iko nje. Wapo wanaokata mto bila kushuka kuupima, ilhali maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanatosha kuyaelesha na kuyasukuma magari mengi madogo, na sentimita 60 hubeba hata magari makubwa ya kuvuta kwa magurudumu yote. Wapo wanaoegesha juu ya nyasi kavu injini ikiwa imetoka kazini, na bomba la moshi lenye joto la mamia ya nyuzi linagusa majani. Hao waadhibiwe. Nikiwakuta, nitawaeleza; wasiponisikia, nitawaandikia ninyi.

Lakini dereva anayetaka kutii anahitaji kujua anatii nini. Nchini Marekani, tangu mwaka 1972 Rais Nixon alipotoa amri kuhusu magari ya nje ya barabara kwenye ardhi za umma, kazi ya kusema wapi gari linaruhusiwa na wapi haliruhusiwi iliwekwa mikononi mwa mamlaka zenyewe. Mwaka 2005 idara yao ya misitu ikapitisha kanuni kwamba kila msitu wa taifa utoe ramani ya barabara na njia zilizo wazi kwa magari, ikionyesha aina ya gari na msimu unaoruhusiwa. Ramani hiyo hutolewa bure. Isipoonyesha njia, njia hiyo haiendeki, hata kama hakuna geti. Mimi naiona ni kanuni kali, na ni kanuni ya heshima, kwa sababu familia inaweza kukaa mezani jana yake usiku ikajua.

Katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, barabara nyingi zinazopitisha malori ya magogo zina vibao vya kilomita na namba ya masafa ya redio mwanzoni. Dereva wa lori anatangaza jina la barabara, kilomita aliyopo na upande anaoelekea, na anayekuja mbele yake anasubiri kwenye sehemu ya kupishania. Sisi tumewahi kukutana na lori lililobeba magogo kwenye kona, sote tukiwa hatuna habari. Lori lile haliwezi kusimama ghafla wala kurudi rivasi. Namba moja tu kwenye kibao ingetutosha.

Kuna eneo jingine ambalo nadhani kibao kina thamani kuliko geti. Kusini magharibi mwa Australia kuna ugonjwa wa mimea unaoletwa na kiumbe wa udongoni aitwaye Phytophthora cinnamomi. Anaozesha mizizi, anaua miti ya jarrah na mimea mingine mingi, na akishaingia msituni hakuna anayejua kumwondoa. Anasafiri kwenye udongo uliolowa, na udongo uliolowa unasafiri kwenye matairi na viatu. Huko sehemu kubwa za msitu haziingiliki kwa gari bila kibali, na wageni wanaombwa waoshe magari na viatu kabla ya kuingia. Dereva anayeambiwa hivyo ataosha. Anayekuta mnyororo bila maelezo atatafuta pa kupenya. Nimewaona wakitafuta, na nimeona nyuma yao njia mpya ambayo haikuwapo mwezi uliopita.

Kwa hiyo kwenye kila njiapanda ambapo gari linaingia msituni, naomba kibao kimoja chenye maneno machache: barabara iko wazi au imefungwa, imefungwa kwenye kilomita ya ngapi, mahali pa mwisho pa kugeuzia gari ni wapi, na tarehe kibao kilipobadilishwa. Tarehe ni muhimu kuliko mnavyodhani. Kibao kisicho na tarehe watu hukizoea, na kilichozoeleka hakisomwi. Habari hizo hizo zitoke pia kwenye tovuti yenu, lakini msikiache kibao kwa kutegemea tovuti, kwa sababu pale njiapanda simu haina mtandao. Na mkiifunga barabara kwa lundo au handaki, tafadhali lisikae chini ya mteremko. Likae juu, kwenye uwanda, mahali gari linapoweza kugeuka.

Jambo la misimu nalo ningependa mlitazame upya. Kufunga barabara tarehe fulani na kufungua tarehe fulani ni rahisi kwa karatasi, ila mvua haisomi kalenda. Nimeona barabara ikiwa wazi kwa tarehe huku udongo wake ni uji, na nyingine imefungwa huku vumbi linapaa. Ifungeni kwa hali ya udongo. Mkituambia kwamba kiatu kikizama hadi kamba turudi, tutarudi, hata kama tumesafiri tangu alfajiri. Tumeshafanya hivyo mara mbili na watoto walilia, nasi tukarudi.

Mtaniambia hamna watu wa kutosha, na sina sababu ya kutoamini. Mtandao wa barabara za msituni ni mrefu kuliko walinzi wake, na nyingi zilijengwa kwa ajili ya kutoa magogo, kazi ikaisha, barabara ikabaki bila mwenyewe. Basi tutumieni. Kila gari la familia linalopita lina koleo na macho manne hadi kumi. Tupeni orodha ya makalavati yenye namba, na utaratibu wa kuripoti: namba 23 limeziba, namba 31 ni safi. Turuhusuni kwa maandishi kutoa matawi na majani kwa mkono, bila kugusa kitu kingine. Kwa sasa hatujui kama kufanya hivyo ni msaada au ni kosa la jinai, na nimewahi kumzuia mwanangu asitoe tawi kwa sababu hiyo. Kwa usimamizi wenu, wiki mbili kabla ya mvua, tungeweza kusafisha barabara nzima kwa siku moja.

Ombi langu la mwisho linahusu uokoaji. Pale pasipo na mtandao, watu waliokwama huvutana wao kwa wao, na wengi hawajui kwamba kichwa cha kuvutia tela hakikutengenezwa kwa ajili ya kunasua gari. Kikikatika, huruka na kamba kama risasi, na watu wamekufa hivyo katika nchi zaidi ya moja. Mstari mmoja wa onyo kwenye kibao hicho hicho, pamoja na namba ya kupiga na kilomita ya karibu yenye mtandao, hauongezi gharama yoyote ya nguzo.

Na nguzo ipo. Wiki mbili zilizopita nilirudi peke yangu hadi ile njiapanda, nikashuka kuitazama kwa karibu ile niliyomwambia mwanangu kuwa ni ya mpaka. Upande unaotazama barabara ina misumari minne iliyoshika kutu, na kati ya misumari hiyo mbao haijapauka, mstatili wenye ukubwa wa kibao. Niliupima: sentimita 60 kwa 40. Mkinipa maneno mnayotaka yaandikwe, mume wangu ana mbao na mimi nina rangi, na tutakileta tayari ofisini kwenu siku yoyote ya kazi mtakayotutajia.

Wenu,
Dereva na mama wa watoto wawili